Naomba ushauri: nataka kumpeleka mamangu hoteli kubwa hapa Kisumu

Habari zenu wadau. Mamangu anafikisha miaka 70 mwezi ujao na karibu maisha yake yote amekuwa akiuza samaki kule Dunga, sasa nataka nimpeleke lanchi kwa moja ya zile hoteli za kuangalia ziwa, akae chini ahudumiwe yeye pia. Tutakuwa watu sita. Shida yangu ni bili. Mwaka jana tulienda mahali flani na wenzangu wa kazi, menyu ilikuwa na bei moja halafu bili ikaletwa imeongezwa VAT 16%, ushuru wa utalii 2% na sevis chaji juu, tukaanza kuchangishana mbele ya weita na hiyo iliniuma sana. Sitaki mama aone kitu kama hicho siku yake. Kwa hivyo nikipiga simu kubuku niulize nini haswa, kama bei iko na kodi ndani tayari? Na bafe ama kuagiza kwa menyu, ipi ni nafuu kama wazee hawali sana? Ingine, mama hula samaki ngege na ugali kwa mkono, kisu na uma hataki kuskia na siwezi mwambia abadilike. Naeza omba maji ya kunawa yaletwe mezani bila watu kumwangalia vibaya? Magoti pia yanamsumbua, ngazi hawezi. Keki naeza beba yangu ama watachaji? Mwenye amewahi peleka mzazi anisaidie tafadhali, hoteli inataka dipoziti Ijumaa.