Kuwapeleka wazazi kwenye boti za mifereji ya Bruges

Swali, kutoka Gent

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu ninayeishi Gent, Ubelgiji, na mwezi Mei natarajia kuwapokea baba na mama, ambao hawajawahi kutoka nje ya nchi isipokuwa kuvuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi. Ningependa kuwapeleka Bruges kwa siku moja ili tupande zile boti za wageni zinazozunguka kwenye mifereji ya mji. Baba ana miaka 74 na goti humsumbua. Mama ana afya njema lakini anaogopa maji. Naomba anayeufahamu mji ule anieleze kama safari hiyo inawafaa wazee, na nifanye maandalizi gani ili wasirudi nyumbani wakiwa wameona maji na mapaa ya nyumba tu.

Jibu, kutoka Iringa

Marahaba mdogo wangu. Niliishi Bruges kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani Iringa, na karibu kila ndugu aliyenitembelea nilimpandisha boti hizo, kwa hiyo nakujibu bila kusita: wapeleke. Hilo la mwisho ulilouliza ndilo lenye uzito kuliko goti na kuliko woga wa maji, nami nitaanza nalo.

Mzunguko wa boti huchukua takriban nusu saa. Nahodha ndiye huyo huyo msimulizi: mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika kipaza sauti, na maelezo huyatoa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza au Kijerumani, kufuatana na abiria aliowapata. Kila lugha hupewa sentensi mbili tatu kwa kila jengo. Ukijaribu kuwatafsiria wazazi wako papo hapo, utakapomaliza kueleza jumba la kushoto boti itakuwa imeshapita jingine la kulia, na wazee watakuwa wanakutazama wewe mdomoni badala ya kuutazama mji. Kwa sababu hiyo nakushauri uwasimulie habari za Bruges jioni ya kuamkia safari, mkiwa nyumbani, kwa Kiswahili au kwa Kinyakyusa, bila haraka, na ramani ya mji ikiwa mezani.

Anza na maji yenyewe. Mwaka 1134 dhoruba ya bahari iliipasua pwani ya Flanders, eneo la Ubelgiji zilipo Bruges na Gent, na kufungua mkono wa bahari ulioitwa Zwin, ambao uliingia ndani ya nchi kavu kuelekea Bruges. Meli zikaweza kufika Damme, mji mdogo ulio kilomita chache kutoka hapo, na shehena zikahamishiwa kwenye mashua ndogo zilizoingia mjini kwa mfereji. Sufu ilitoka Uingereza, ikafumwa kuwa vitambaa katika miji ya Flanders. Mwaka 1277 meli za Genoa zilianza kufika moja kwa moja kutoka bahari ya Mediterania, zikifuatwa baadaye na za Venice. Katika uwanja wa Markt palisimama ghala kubwa lililojengwa juu ya mfereji wenyewe, hivi kwamba mashua ziliingia chini ya paa na kupakuliwa bila mzigo kuguswa na mvua. Ghala hilo lilibomolewa mwaka 1787, na leo anayesimama Markt haoni hata tone la maji. Mzee akilijua hilo kabla ya kufika, ataelewa kwamba mifereji ile ilikuwa njia ya mizigo, na kwamba nyumba nyingi ziliupa mfereji umuhimu uleule ambao duka la kwetu huupa barabara.

Kisha waeleze jinsi mji ulivyoanguka, maana hapo ndipo ulipo ufunguo wa yote watakayoyaona. Zwin ilianza kujaa mchanga na tope, na katika karne ya 15 meli kubwa zilizidi kupata shida ya kufika. Mwaka 1488 wananchi wa Bruges walimkamata na kumfungia mjini mwao Maximilian wa Austria, aliyekuja kuwa mfalme mkuu baadaye, na uhasama huo uliwasukuma wafanyabiashara wa kigeni kuhamia Antwerp. Sisi tuliokulia jirani na Usangu hatuhitaji maelezo marefu juu ya maji yanayoondoka na kuondoka na riziki za watu, kwa kuwa tumeuona Ruaha Mkuu ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, ingawa sababu za kule na za huku hazifanani. Bruges ikawa maskini, na katika karne ya 19 ilihesabiwa miongoni mwa miji fukara zaidi ya Ubelgiji. Umaskini huo ndio uliozihifadhi nyumba, kwa sababu watu hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya kama ilivyofanyika katika miji iliyoendelea kutajirika. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji wa kale wote katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi huamini kwamba mtu akilishika jambo hili moja, kila ukuta wa matofali utakaopita mbele yake utakuwa na maana kwake.

Ndani ya nusu saa hiyo boti huelekea kwanza upande wa kusini, hupita karibu na Kanisa la Mama Yetu, ambalo mnara wake wa matofali una urefu wa takriban mita 115, na kuambaa na Hospitali ya Mtakatifu Yohane, iliyoanzishwa katika karne ya 12 na ambayo kuta zake zinaingia majini. Hospitali hiyo sasa ni makumbusho yenye picha za mchoraji wa kale Hans Memling. Ukimwambia mzee aliyewahi kufika hapa Iringa kwamba ni jengo la hospitali lililogeuka makumbusho kama Boma letu, hataihitaji sentensi ya pili. Karibu na hapo kuna kidaraja cha Bonifacius, ambacho wageni wengi hukipiga picha wakidhani ni cha kale kupita vyote, ilhali kilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Mbele kidogo liko Begijnhof, na kwa mama yako naomba ulitilie mkazo mahali hapo. Lilianzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake waliotaka kuishi maisha ya sala na kazi za mikono bila kuweka nadhiri za daima za utawa, na tangu mwaka 1927 wanaishi humo masista wa Kibenediktini. Mama yeyote wa nyanda zetu anayewafahamu masista wa Imiliwaha kule Njombe ataona kwamba amefika kwa watu wa familia ileile ya kitawa. Boti haiingii ndani; hugeuza na kurudi, kwa hiyo panga kurudi hapo kwa miguu baadaye, mvuke daraja la mawe na kuingia kwenye ua wenye miti mirefu na nyumba zilizopakwa chokaa nyeupe. Ni karibu na Minnewater, ziwa dogo la mji, ambako batamaji weupe wenye shingo ndefu hutembea hadi kwenye nyasi, na hadithi ya mjini husema kwamba Maximilian ndiye aliyewaamuru wakazi wawatunze milele kama adhabu ya kumfungia yeye na kumuua mshauri wake.

Baada ya hapo boti huelekea kaskazini, hupita nyuma ya uwanja wa Burg na kufika kwenye mfereji wa Spiegelrei, unaokomea penye sanamu ya mchoraji Jan van Eyck, aliyefariki katika mji huo mwaka 1441. Upande huo ndiko walikokaa wafanyabiashara wa kigeni na ndiko ushuru ulikotozwa. Sehemu hii huipita haraka katika masimulizi yangu, kwa sababu nimeona wazee huanza kuchoka kusikiliza na hupenda kutazama tu.

Sasa nije kwenye goti la baba. Magati ya kupandia ni matano, yote yako karibu karibu katikati ya mji, kwenye eneo la Rozenhoedkaai, Dijver na mitaa ya jirani. Njia ni moja na nauli ni moja, hivyo hakuna haja ya kuhangaika kutafuta iliyo bora. Tafuta lenye foleni fupi na lenye ngazi chache. Tiketi hukatwa palepale. Kutoka barabarani unashuka ngazi hadi kwenye jukwaa lililo usawa wa maji, kisha unaingia kwenye boti ya wazi, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa sababu boti hucheza kidogo mguu wa kwanza unapoikanyaga na mtu mwenye goti bovu hushtuka. Mwambie baba atangulize mguu mzima, akushike mkono wewe au mhudumu, na aketi mara moja bila kutafuta nafasi ya mbele. Ikiwa goti limevimba asubuhi hiyo, nakusihi uahirishe. Kiti cha magurudumu kwa ngazi zile ni taabu kubwa.

Kuhusu woga wa mama, mweleze kwamba maji yale hayana mawimbi. Mtu aliyewahi kuona MV Mbeya II ikiondoka bandari ya Kiwira wakati Ziwa Nyasa limechafuka asiufikirie mfereji wa Bruges kwa picha ile, kwani mfereji ni mwembamba, kingo ziko karibu pande zote mbili na boti huenda polepole. Kinachoweza kumshtua ni madaraja. Baadhi yako chini sana, na nahodha huwataka abiria wote wabaki wameketi. Tao la matofali hupita juu ya kichwa kwa umbali ambao mkono ukiinuliwa unaweza kuligusa, lina ukungu wa kijani na matone ya maji, na kwa sekunde chache baridi ya mle chini humwingia mtu shingoni. Mama akijua mapema kwamba jambo hilo litatokea na litapita, hatapata hofu.

Boti hizo kwa kawaida hufanya kazi kuanzia Machi hadi katikati ya Novemba, kwa hiyo Mei ni wakati mzuri. Angalia tu Sikukuu ya Kupaa Bwana, ambayo mara nyingi huangukia mwezi huo: siku hiyo hufanyika Maandamano ya Damu Takatifu, na mji hujaa watu kupita kiasi. Kama wazazi wako ni Wakatoliki, wanaweza kufurahia maandamano hayo kwa moyo wote, lakini boti iwekeni siku nyingine, ya kazi, na mfike kabla ya saa tano asubuhi. Kutoka Gent treni ni chini ya nusu saa, na kutoka stesheni ya Bruges hadi katikati ya mji mchukue basi, ili goti la baba liwe bado na nguvu wakati wa kushuka zile ngazi.

Nyongeza, kutoka Mbeya

Mwanangu wa Tukuyu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Uyole, na nilipandishwa boti hiyo na kijana wangu nilipokwenda kumtembelea. Nayaunga mkono yote aliyoyaeleza ndugu yetu wa Iringa, ila naomba niseme kutoka upande wa mzazi, maana ninyi vijana hupanga safari kwa upendo mkubwa na kusahau kutuuliza sisi.

La kwanza ni baridi. Baba yako atakuambia kwamba mtu wa Rungwe aliyezoea ukungu wa Juni na Julai hafundishwi baridi, na mimi nilisema vivyo hivyo. Upepo wa juu ya maji, mtu akiwa ameketi bila kujongea, ni baridi ya namna nyingine, nayo huanzia magotini. Mpe koti na kitambaa cha kujifunika miguu, hata kama jua linawaka, na asikatae.

La pili, ukishatusimulia nyumbani, ndani ya boti utuache. Kijana wangu alinieleza habari za ile Zwin usiku wa kuamkia safari, nikalala nikiyafikiria, na kesho yake nilitaka kuyatafuta kwa macho yangu mwenyewe. Nilikuwa na maswali mengi: magari ya zimamoto hupita wapi, maji machafu huenda wapi, nani anamiliki ukuta uliosimama majini. Maswali hayo nilimuuliza baadaye, tulipoketi kwenye mabenchi ya Dijver chini ya miti, naye hakuwa na majibu yote, tukayatafuta pamoja. Mabenchi hayo yako hatua chache tu kutoka kwenye magati. Wape wazazi wako muda wa kutosha hapo kabla hujawapeleka kula, na mwache baba akuonyeshe kwenye ramani mlikopita.

La tatu ni kwa mama. Mketishe katikati ya benchi, si pembeni kwenye maji, na wewe uketi kwenye ukingo wake. Kanisa la Mama Yetu mliingie kwa miguu mkishashuka, kwa sababu ndani kuna sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo, mojawapo ya kazi zake chache zilizotoka Italia angali hai. Mke wangu aliisimamia muda mrefu kuliko kitu kingine chochote tulichokiona Ulaya. Sehemu ya kanisa ilipo sanamu hiyo huingiwa kwa tiketi.

Mwisho, boti ya wazi haina choo, na vyoo vingi vya mjini hulipiwa, kwa hiyo weka sarafu mfukoni na muwapeleke kabla ya kupanga foleni. Kama baba anatumia dawa, zikae kwenye mkoba wako, wala zisiachwe Gent. Picha ya familia ipigeni gatini kabla ya kupanda, kwani ndani ya boti kusimama hakuruhusiwi.