Ulinganisho: kazi za utendaji wa meli. Ofisi ya Dubai, shahada ya Malmö, au nirudi baharini?

Mwana_wa_Pongwe

Wakuu, salaam. Naombeni mawazo yenu, maana natakiwa kutoa jibu kabla mwezi haujaisha.

Mimi ni injinia wa meli na moyo wangu uko upande wa utendaji: meli inakunywa mafuta kiasi gani, mwendo umepotelea wapi, tumbo la meli (sehemu iliyo ndani ya maji) lisafishwe lini, mizunguko ya injini ishushwe kiasi gani ili meli ifike siku gati lake liko wazi badala ya kwenda kukaa nangani. Nina njia tatu. Kuna kampuni ya usimamizi wa meli Dubai imenipa nafasi ya mchambuzi wa utendaji. Nimekubaliwa pia shahada ya uzamili Malmö, Sweden, kwenye Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia (WMU), mkondo wa usimamizi wa nishati. Ya tatu ni kurudi baharini nimalizie muda wa kupanda cheti. Mngekuwa nyie mngeshika ipi?

MzeeWaNanga

Kijana, umetupa nusu ya habari. Cheti ulicho nacho ni cha afisa wa zamu au cha sekondi, yaani injinia wa pili? Kinaisha lini? Mkataba wa Dubai ni wa muda gani, na visa na nyumba analipa nani? Malmö una ufadhili au barua ya kukubaliwa tu? Umefanya kazi meli za aina gani? Usipoyajibu hayo, kila mtu hapa atakushauri kwa maisha yake yeye.

Langu nalisema mapema: rudi baharini. Kwa injini kuu za kilowati 3,000 na kuendelea, STCW, mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia, inataka angalau miezi 12 ya bahari ukiwa afisa ndipo upewe cheti cha sekondi. Cha chifu, yaani injinia mkuu, ni miezi 36, au 24 ikiwa angalau 12 kati yake umeifanya ukiwa sekondi. Ukiikatisha sasa kuja kuirudia ni kazi kubwa. Na mtu asiyewahi kusimama mbele ya tenki la mafuta na mkanda wa kupimia mkononi, huku meli inayumba, atachambua nini?

Pwani_Data

Mzee wangu, kwa heshima, hilo la "lazima baharini kwanza" limepitwa. Niko Hamburg, nafanya kazi hii. Mezani kwetu kuna wahandisi wa usanifu wa meli, wataalamu wa hali ya hewa, na waliosoma hesabu tupu. Kinachotafutwa ni mtu anayejua Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) na anayeelewa fizikia ya meli.

Fizikia yenyewe ndiyo utamu wa kazi. Nguvu ya injini hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo (mwendo mara mwendo mara mwendo). Meli ikishuka kutoka noti 14 (maili za baharini kwa saa) hadi 12, nguvu inayotakiwa inashuka kama asilimia 37. Kwa kuwa safari inakuwa ndefu zaidi, mafuta ya umbali uleule yanapungua kama asilimia 27. Hapo hujagusa tumbo wala propela.

Na sasa hivi ni pesa ya moja kwa moja. Tangu 2024 meli zinazoingia bandari za Umoja wa Ulaya zinalipia hewa ukaa: asilimia 40 ya hewa ya 2024, 70 ya 2025, na yote kuanzia ya 2026. Safari ya kutoka au kwenda nje ya Ulaya huhesabiwa nusu. Kila tani ya mafuta mazito ni tani 3.114 za hewa ukaa. Mwenye meli ambaye zamani hakufungua barua pepe zetu, siku hizi anapiga simu mwenyewe. Nenda Malmö, kaka, ila jifunze na kuandika programu.

BintiLikoni

Ngojeni niwaeleze yaliyonikuta, maana mtu akisikia "mchambuzi wa utendaji" anadhani ni kukaa kwenye kiyoyozi na kuchora grafu.

Nilikuwa ofisi ya kampuni moja ya usimamizi huko Ghuba. Nilikabidhiwa meli za shehena kichele, yaani isiyofungashwa, na mojawapo ilikuwa inaonekana kula mafuta kuliko pacha zake waliojengwa kiwanda kimoja. Bosi alishaamua kwamba tumbo limeota uchafu, lisafishwe. Kazi yangu ikawa kuandika ripoti ya kumuunga mkono.

Nikazishusha ripoti za adhuhuri zote, siku baada ya siku: tani zilizotumika, umbali, mizunguko ya propela, upepo, bahari. Kilichonishtua si kwamba matumizi ni makubwa. Ni kwamba yalikuwa sawa. Leo tani 27.5, bahari shwari. Kesho 27.5. Keshokutwa upepo umepanda hadi Beaufort 6, mizunguko ileile, bado 27.5. Injini haiendi hivyo. Tarakimu za namna hiyo zinatoka kwenye kalamu ya mtu.

Halafu nikaangalia slipu, yaani tofauti kati ya umbali ambao propela ingesukuma kwa mizunguko yake na umbali meli iliokwenda kweli. Tumbo likichafuka, slipu hupanda mwezi hata mwezi. Hii haikupanda. Nikiondoa mkondo, ilikuwa karibu ileile tangu meli itoke cheleoni. Kwa hiyo tumbo lilikuwa safi, au karibu na safi. Mafuta yalikuwa yanaandikwa yameungua ilhali bado yamo tenkini.

Waliofanya kazi chumba cha injini wanajua jambo hili. Kuna machifu wanaojiwekea akiba isiyo kwenye karatasi. Wengi hawaibi. Wanaogopa siku ya dhoruba, au siku watakapouliziwa kwa nini wamezidisha. Siku mbaya akiba inaziba pengo, siku nzuri inajazwa tena, na ofisini mstari unaonekana umenyooka.

Nikaandika waziwazi: msisafishe kwanza. Tumeni msimamizi apime tenki zote meli ikiwa gatini, na mfunge kipima nguvu kwenye shafti inayozungusha propela. Nikaambiwa kifaa ni ghali na mimi si injinia wa kumhoji chifu mwenye miaka mingi. Wapiga mbizi wakapelekwa, tumbo likasuguliwa, propela ikapigwa msasa. Tani zikabaki 27.5.

Miezi baadaye mabaharia walibadilishwa, chifu mpya akapima kabla ya kusaini makabidhiano, na mafuta yakaonekana mengi kuliko yaliyoandikwa. Unajua mkutano ulisemaje? Kwamba idara ya utendaji "haikubaini tatizo mapema". Ripoti yangu ilikuwa kwenye kompyuta zao, ina tarehe. Mkataba wangu haukuongezwa.

Kwa hiyo ndugu wa Pongwe, kabla ya kuuliza mshahara wa Dubai uliza hivi: mchambuzi anaripoti kwa nani? Akiwa chini ya mtu yuleyule anayesimamia meli hizo, utaambiwa uandike anachotaka.

Pwani_Data

Pole sana dada. Lakini kisa chako ndicho sababu ya kuachana na ripoti za adhuhuri. Vihisi vinapima kila sekunde chache: nguvu ya shafti, mtiririko wa mafuta, joto lake, kina cha meli majini. Chifu hawezi kuandika 27.5 kwenye kihisi. Hata kiwango cha ISO 19030 cha 2016, kinachohusu tumbo na propela, kimejengwa juu ya vipimo vya namna hiyo.

MzeeWaNanga

Kihisi nacho kinadanganya, mwanangu. Kipimo kibovu kuliko vyote melini ni kile cha mwendo ndani ya maji. GPS inakupa mwendo juu ya ardhi, sahihi kabisa, lakini tumbo la meli linasuguana na maji. Toka Mombasa mwezi wa saba kupanda pwani ya Somalia. Msimu wa kusi mkondo unakusukuma kaskazini kwa nguvu. GPS inasema noti 14, umefurahi, grafu ya ofisini inasema meli imepona. Rudi njia hiyohiyo wiki mbili baadaye, mkondo uleule unakukabili usoni, na ofisi inauliza nani ameharibu injini. Kaskazi likiingia mambo yanageuka tena. Kijana wa hesabu tupu anayajulia wapi hayo?

Babu zetu walikwangua majahazi na kupaka shahamu tumboni bila grafu, kwa sababu aliyeshika usukani alihisi chombo kimekuwa kizito.

Pwani_Data

Anayajua, mzee, kwa sababu data za mikondo za kila siku zipo na tunazitoa kwenye hesabu. Shida inabaki pale kihisi cha mwendo chenyewe kinapoota uchafu au kinapofungwa vibaya. Hapo nakubaliana nawe.

Mwana_wa_Pongwe

Nashukuru wakuu, dada BintiLikoni hasa. Majibu: cheti changu ni cha afisa wa zamu, injinia wa nne, na kinahitaji kuhuishwa mwakani. Nimefanya meli za kichele na moja ya makontena. Dubai ni mkataba wa miaka miwili, visa wanalipa wao, nyumba juu yangu. Malmö nina barua, ufadhili bado. Nina mke na mtoto Tanga.

MzeeWaNanga

Hayo ndiyo ungeanza nayo! Cheti kuhuishwa kunataka miezi 12 ya bahari ndani ya miaka mitano, au mitatu ndani ya miezi sita ya mwisho. Ukikaa ofisini miaka miwili unaweza kukipoteza.

FundiMitambo_Kisauni

Si lazima, mzee. STCW inaruhusu pia kazi za nchi kavu zinazohesabiwa kuwa sawa na za baharini, ila mamlaka iliyotoa cheti ndiyo inaamua. Usimamizi wa meli wa kiufundi una nafasi nzuri kukubaliwa. Uchambuzi wa kukaa na kompyuta, waulize TASAC, mamlaka ya meli ya Tanzania, kwa maandishi kabla ya kusaini, usisubiri mwakani. Ukishindwa kabisa, kuna kozi na mitihani ya kukihuisha.

Na mbona hakuna anayetaja nyumbani? Mombasa kuna MTCC Afrika, kituo kilichoanza 2017 chini ya mradi wa IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) kwa fedha za Umoja wa Ulaya, kikiwa mikononi mwa JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kenya. Kazi yake ni ufanisi wa nishati melini na bandarini. Nafasi ni chache, sikatai, lakini watu wa huko wanakufahamisha na mamlaka za nchi nyingi. Dar mko na DMI, chuo cha mabaharia, na mwalimu anayeweza kusoma ripoti ya mafuta kama dada wa Likoni alivyosoma, wanafunzi wanamhitaji mno.

BintiLikoni

Kaka FundiMitambo umesema kweli. Naongeza moja, kwa sababu ndilo linalonikera zaidi kwenye kazi hii: daraja la CII, kipimo cha IMO cha hewa ukaa ya meli. Tangu 2023 kila meli ya tani za ujazo 5,000 na zaidi kwenye safari za kimataifa inapewa alama A hadi E. Ni hewa ukaa kugawanya kwa uwezo wa kubeba mara umbali. Sasa meli ikikaa nangani nje ya bandari yetu ikisubiri gati, jenereta zinaungua na umbali hauongezeki. Alama inashuka. Nahodha hana kosa, chifu hana kosa. Ukipata E mwaka mmoja, au D mitatu mfululizo, unatakiwa kuandika mpango wa marekebisho. Nimeandika mipango hiyo. Unamwandikia nani arekebishe foleni ya bandari?

Pwani_Data

Hapo ndipo kufika kwa wakati kunapofaa. Bandari ikisema mapema gati litakuwa wazi lini, meli inapunguza mwendo njiani.

MzeeWaNanga

Na mkataba wa kukodi unaomtaka nahodha aende kwa kasi iliyoandikwa, je? Akipunguza bila ruhusa, mkodishaji anadaiwa. Akienda kasi anangojea nangani, na siku za kungojea katika maji yetu ya joto ndizo zinazootesha uchafu tumboni. Akiondoka hapo meli ni nzito, na aliyeikodi anadai tena kwamba haifikii mwendo wa mkataba katika Beaufort 4.

FundiMitambo_Kisauni

Ndiyo maana wachambuzi wengi mwishowe wanafanya kazi na wanasheria. Madai ya mwendo na mafuta ni mlango mwingine kabisa ambao mleta mada hakuutaja, na cheti cha baharini kinaheshimiwa sana huko.

KigomaKwetu

Samahani kuingilia. Je, haya yanahusu meli za maziwa? Meli yetu Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, na imefanya kazi Ziwa Tanganyika karibu maisha yake yote. Kuna mtu aliyewahi kupima mafuta ya meli za ziwani kwa njia hizi?

MzeeWaNanga

CII haiwahusu, hamuendi baharini. Ila maji yenu baridi yana neema moja: wale wadudu wenye magamba wanaong'ang'ania matumbo ya meli za bahari hawaishi huko. Mnapata ukijani tu.

KigomaKwetu

Ukijani nao ni mzito, mzee. Mafundi wetu wanausugua kwa mkono. Na bei ya dizeli ndiyo inayoamua meli iondoke au isiondoke.

FundiMitambo_Kisauni

Anzeni na kitu rahisi: daftari la lita kila safari, mzigo, mizunguko ya injini na saa zilizotumika. Miezi michache tu mtaanza kuona meli inakula zaidi wapi. Ukitaka nikutumie mfano wa jedwali, niandikie pembeni.

KigomaKwetu

Nitumie mkuu, nimekuandikia.

Mwana_wa_Pongwe

Dada BintiLikoni, nimewauliza Dubai mchambuzi anaripoti kwa nani. Wamejibu: kwa meneja wa meli hizohizo. Nimewaomba waniwekee kwenye mkataba haki ya ripoti yangu kumfikia mwenye meli pia. Unafikiri ni ombi la busara, au nitaonekana msumbufu kabla sijaanza?

BintiLikoni

Ni la busara. Omba na nakala ya ripoti zote za adhuhuri za meli utakazopewa kabla ya kusaini. Wakikataa vyote viwili, njoo utuambie.