Ndigana kali: nichanje mitamba au ninunue bomba na dawa ya kupe?

MfugajiMpya: Habari wakuu. Mwezi ujao nanunua mitamba Iringa. Hela itakayobaki inatosha kitu kimoja: chanjo ya ndigana kali (ule ugonjwa unaoletwa na kupe), au bomba la kunyunyizia na dawa ya kuogesha. Kipi kinalipa?

Jembe_Hai: Wangapi? Chotara au wa kisasa kabisa? Unawapeleka wapi, na watafungiwa bandani au watachungwa? Bila hayo tutakupotosha.

MamaMaziwa: Chanja, ndugu yangu. Unachanja mara moja, kinga ya maisha. Mimi nilikuwa naogesha kila wiki na bado mtamba wangu mwenye mimba kubwa aliamka na homa, matezi yamevimba chini ya masikio. Mtaalamu niliyemwita akasema homa ya kawaida, akachoma OTC (antibiotiki) akaondoka. Alipokuja mwingine na Butalex, dawa ya ndigana kali yenyewe, ng'ombe alikuwa anahema kwa shida, povu linamtoka puani. Hakufika asubuhi. Hesabu mwenyewe: mtamba, ndama wa tumboni, maziwa ya uzao mzima, na madawa juu. Iliniuma sana.

MzeeWaJosho: Pole mama. Ila chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, mkojo mwekundu wala maji moyo. Akiacha kuogesha, hayo yatamalizia ng'ombe wake.

MamaMaziwa: Sijasema aache, apunguze. Kwetu kupe wameshaizoea dawa.

MzeeWaJosho: Wanaizoea kwa sababu watu wanachanganya kwa kukisia! Fuateni kipimo cha kwenye chupa.

MfugajiMpya: Samahani, ni wawili, chotara, Babati. Si kuna ile chanjo ya serikali ya 2025, ng'ombe shilingi 500?

VetiMwanafunzi: Ile ni ya homa ya mapafu. Ya ndigana kali ni vimelea hai, vinatunzwa kwenye mtungi wa nitrojeni na vinachomwa pamoja na OTC ya muda mrefu. Mrija mmoja wa chanjo ni wa ng'ombe kama 30 hadi 40, na ukishayeyushwa lazima uishe siku hiyohiyo. Kwa wawili hakuna atakayeufungua. Shawishi majirani mchanje pamoja, maana aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea, kupe wakavipeleka kwa wasiochanjwa.

MfugajiMpya: Majirani wana ng'ombe wa asili, wanasema wao hawafi.

Jembe_Hai: Waulize ndama wao wangapi wanakufa.

Kiboko_Mbulu: Mkuu, mitamba chotara Iringa wanaendaje sasa? Na usafiri mpaka Babati?