Uzi umekatika katikati ya lesi ya bobini: nifumue au nifunge fundo?

Swali
Assalaam aleikum. Ninaishi Brugge, Ubelgiji, ambako ninajifunza kusuka lesi kwa bobini, yaani vijiti vilivyozungushiwa uzi, juu ya mto wa kusukia unaochomekwa pini. Kipande nilicho nacho ni cha mtindo wa Torchon, chenye jozi 14 za bobini na uzi wa kitani. Jana nilipouhamisha mto, bobini zilibingirika zikapandana, na nilipovuta uzi mmoja ukakatika sentimita mbili tu kutoka kwenye pini ya mwisho. Je, nifumue yote, au fundo linatosha?

Jibu la 1
Wa aleikum salaam. Anza na nyuzi zilizotatizana, uliokatika utasubiri. Mara nyingi pale hapana fundo lolote, ni bobini tu zilizopita juu ya nyingine. Tafuta ile ambayo uzi wake umelala juu ya zote, inyanyue, iweke pembeni, kisha ifuate inayofuata. Ukivuta ncha, kitanzi kilicholegea hugeuka fundo la kweli, kama ulivyojionea. Wasukaji wa Bedfordshire, Uingereza, hutunga shanga kwenye mkia wa bobini ili isibingirike. Za Ubelgiji zina tumbo la mviringo na hazina shanga, kwa hiyo zibane kwa kitambaa kabla ya kuunyanyua mto.

Jibu la 2
Sentimita mbili hazifungiki, mwanangu. Fumua kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua: ulipopishanisha kushoto juu ya kulia, rudisha kulia juu ya kushoto, uliposokota kulia juu ya kushoto, fanya kinyume chake, wala usichomoe pini kabla hujaifikia. Ukipata mkia wa vidole vinne, uunge na uzi uliobaki kwenye bobini kwa fundo la wafumaji, ambalo ni lile lile la kushonea nyavu.

Hata hivyo, fundo hilo ni la kukuvusha tu, lisiingie ndani ya lesi. Ukifika mahali palipobanana kama kitambaa, ning'iniza uzi wa bobini mpya kwenye pini iliyo nyuma ya kazi, ulaze sambamba na wa zamani, na usuke zote mbili kana kwamba ni uzi mmoja kwa mishono michache, kisha wa zamani uuache nyuma. Aliyewahi kusuka ukili anaijua kazi hii: mwaa mpya huchomekwa juu ya ule unaokwisha, haufungwi. Ncha uzikate lesi ikishatolewa kwenye mto.

Jibu la 3
Nami nauliza: mto unakaa wapi? Kitani hupata nguvu kikiwa na unyevu, na hukatika upesi kikikauka.

Muulizaji
Ulikuwa kando ya kipasha joto, nami nikidhani ninautunza. Nimeuhamishia dirishani. Nimefumua hadi pini ya tano, mkia umetosha na fundo limeshika. Shikamoo, bibi wa ukili, na shukrani.