Nimemlipa zaidi, hamu imekatika

FundiKola: Wakuu, nina kibanda cha cherehani mbili Mwanza. Kijana wangu alikuwa anabaki mpaka saa mbili usiku akihangaika na kola ya shati, hakuna aliyemtuma. Nikasema nimtie moyo: kila kola safi, elfu moja. Wiki mbili tu akaanza kuhesabu kola. Mwezi uliopita hela ilipungua, nikasitisha. Sasa saa kumi na moja kamili anafunika cherehani. Ni njaa au kiburi?

MamaTatu: Anakula? Analala wapi? Mwanasaikolojia Maslow aliandika mwaka 1943: chakula kwanza, kisha usalama, kupendwa, heshima, halafu ndiyo mtu atake kutimiza kipaji chake.

FundiKola: Anaishi kwa dada yake, ugali na dagaa wa kutosha. Hoja si tumbo.

Mshona_Usiku: Maslow mwenyewe alisema ngazi hizo hazifuatani kwa ukali hivyo. Kaka, mtazame mwanasaikolojia Edward Deci, jaribio lake la mwaka 1971. Wanafunzi walilipwa kutegua fumbo la vipande. Malipo yalipokoma, wakalichezea kidogo kuliko kabla ya kulipwa. Mwaka 1973 wengine wakajaribu kwa watoto wapenda kuchora: walioahidiwa zawadi walipoteza hamu, waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoteza. Wewe uliweka bei kwenye kitu alichokuwa anakiita chake. Mshahara mlipe vizuri, ila kola mwachie.

FundiKola: Hapo umenigusa. Leo nimempa suti ya bwana harusi aikate mwenyewe. Nimekaa nje kwenye benchi, nasikiliza mkasi, jasho linanitoka.