Mjadala: Je, Quake ikichezwa kwa pedi inabaki kuwa Quake?

Mleta mada

Wakuu, kuna kauli inayorushwa kila gemu za zamani zinapozungumzwa, na inarushwa kana kwamba imekwisha kuthibitishwa: kwamba gemu ya kufyatua risasi iliyozaliwa kwenye kompyuta ikihamishiwa kwenye konsoli inageuka kivuli, kwa sababu kipanya na kibodi ndivyo vilivyoifanya iwe ilivyo. Ninaipinga, na nitaipinga kwa Quake, kwa kuwa ndiyo gemu ambayo wenye kauli hiyo huitaja kwanza, na kwa kuwa nimeicheza kwa njia zote mbili, kipanya na pedi ya konsoli, hadi nikavijua vyumba vyake hata gizani.

Tuanze mwaka 1996, id Software walipoitoa. Leo tunazungumza kana kwamba kutazama kwa kipanya kulikuja na gemu siku ya kwanza. Kwa mipangilio ya asili, ukisukuma kipanya mbele mchezaji alitembea mbele. Ukitaka kutazama juu na chini ilibidi ushikilie kitufe maalumu au uandike amri wewe mwenyewe. Wengi walicheza kwa kibodi tupu, wakigeuka kwa vishale kama walivyozoea katika Doom ya 1993, ambayo haikuwa na kulenga juu wala chini kabisa. Na kuna jambo linalosahaulika mno: mtambo wa Quake wenyewe, yaani programu inayoiendesha gemu, ulikuwa na usaidizi wa kulenga. Risasi iliyoelekea upande sahihi lakini ikawa juu au chini kidogo ya adui, mtambo uliipindisha imfikie. Anayesema kwamba usaidizi wa kulenga ni aibu iliyoletwa na konsoli atueleze kwanza hilo lilifanya nini ndani ya kompyuta yake.

Kipanya kilikuja kutawala kupitia mashindano. Mwaka 1997 Dennis Fong, anayejulikana zaidi kama Thresh, alishinda mashindano ya Red Annihilation huko Marekani akaondoka na Ferrari ya John Carmack, mmoja wa waasisi wa id. Mkono wake wa kushoto ulikaa kwenye vitufe vya W, A, S na D, wa kulia kwenye kipanya, na wengi wakaiga. Ni mtindo bora kwa mashindano, sibishi. Lakini ni mtindo uliokomazwa na wachezaji baada ya gemu kutoka, kwa hiyo hauwezi kuwa ndio kipimo cha pekee cha gemu yenyewe.

Konsoli zilipataje jina baya? Matoleo ya kwanza yalikatwa. Kwenye Sega Saturn, mwaka 1997, Lobotomy Software waliijenga upya kwa mtambo wao wenyewe, kazi ya kustaajabisha kwa mashine ile, ila haikuwa na namna ya kupambana na mwenzako. Kwenye Nintendo 64, mwaka 1998, ramani kadhaa, yaani viwanja vya kuchezea, ziliachwa, na ule muziki wa Trent Reznor na bendi yake ya Nine Inch Nails, unaovuma chini kwa chini kama mashine iliyosahaulika ikiwaka, ukabadilishwa na mwingine. Pedi yenyewe ilikuwa na kijiti kimoja tu cha kuelekezea. Watu waliichukia Quake iliyopunguzwa, lawama ikaangukia pedi.

Toleo la Agosti 2021, lililotengenezwa na Nightdive Studios na kuuzwa kwa dola 9.99, limeondoa karibu kila kisingizio. Hata Switch, konsoli ya Nintendo, inaiendesha kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde. Muziki wa asili umo, nyongeza za zamani zimo, studio ya MachineGames wameongeza kipindi kizima kipya, yaani kundi la ramani, na hata ile Quake ya Nintendo 64 inapakuliwa bure. Mchezaji anakimbia kwa kasi yake ileile, na hilo ndilo ninaloliangalia kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu Quake ni mwendo kwanza, risasi baadaye.

Sisemi kwamba hakuna kinachopotea. Mchukueni Fiend, yule mnyama wa kucha ndefu anayekurukia kutoka mbali. Ninapokwepa pembeni anapita begani mwangu na kutua nyuma. Hapo kijiti kinanidai: nakisukuma hadi mwisho na bado skrini inazunguka kwa kasi iliyopangwa, wakati kipanya kingemaliza mgeuko huo kwa mfyatuko mmoja wa kiganja. Nimekufa hivyo mara nyingi. Kisha nikajifunza kurudi nyuma kwa mshazari, ili akitua bado awe ndani ya skrini yangu, bunduki ya mitutu miwili ikimsubiri. Hiyo ni stadi, na niliipata ndani ya Quake.

Hoja yangu, basi, ni kwamba kwa anayecheza peke yake, au na wenzake sebuleni, Quake ya konsoli ni Quake kamili. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, historia yako ni sahihi, ila umeitumia kukwepa kiini. Gemu si jinsi ilivyotoka tu, ni pia yale yaliyogunduliwa ndani yake. Mwaka 1997 kundi la wachezaji lilirekodi Quake nzima ikimalizwa kwa ugumu wa juu kabisa katika dakika 19 na sekunde 49. Walifikaje? Kwa kujirusha juu kwa mlipuko wa roketi zao wenyewe, na rekodi za baadaye zikaongeza kurukaruka huku wakipinda hewani, jambo linalotaka mgeuko laini unaokwenda sambamba na hatua za pembeni. Jaribu kujirusha kwa roketi ukitumia pedi: utazame chini, ufyatue na kuruka kwa pamoja, kisha uinue macho kabla hujatua, yote hayo kwa kijiti chenye mwendo wa kupimiwa. Inawezekana, nakubali. Lakini kilichokuwa tendo moja kinakuwa matendo matatu, na mwendo unaousifu wewe mwenyewe unakatika vipande.

Kuna pia silaha. Kwenye kibodi kila silaha ina namba yake, kuanzia 1 hadi 8. Kwenye pedi unaita gurudumu la silaha au unazipitia moja moja. Mizombi ya Quake haifi kwa risasi za kawaida, hujizoazoa na kuinuka tena hadi uilipue. Sasa ukiwa na mizombi kushoto na jitu jingine kulia, muda wa kuchagua ndio uhai wenyewe.

Na kuhusu mechi za mtandaoni zinazowachanganya wa konsoli na wa kompyuta, sidhani kama utathubutu kuzitetea.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze dogo. Mimi kifundo cha mkono wa kulia hakinivumilii kipanya zaidi ya robo saa. Kwa pedi nimemaliza vipindi vyote vinne, na binti yangu akaingia katika nusu ya pili ya skrini hiyohiyo. Ningeshukuru kama mjadala huu usingetuita wachezaji wa kivuli.

Mleta mada

Ndugu yangu wa kwanza, umenishinda kwenye mechi za mtandaoni, na nakiri bila kinyongo. Quake III Arena, gemu ya baadaye ya mfululizo huu, ilipoingia Dreamcast, konsoli ya Sega, mwaka 2000, ilikubali kibodi na kipanya, na iliweza kuwakutanisha wachezaji wake na wale wa kompyuta. Ni dalili kwamba wahusika wenyewe walijua pedi peke yake haitoshi mbele ya kipanya. Ningependa wachezaji wapangwe kwa kifaa walichoshika, mwenye pedi apambane na mwenye pedi awe kwenye konsoli au kompyuta, na mechi za kombe zisiwe na usaidizi wowote wa kulenga.

Kuhusu kujirusha kwa roketi sikubali. Toleo la Switch linaruhusu kulenga kwa kuinamisha pedi yenyewe mikononi. Kijiti kinafanya mgeuko mkubwa, viganja vinamalizia kulenga, na kutazama chini kisha juu kunarudi kuwa tendo moja. Ilinichukua siku nne kuzoea, mbili za kwanza nikigonga kuta. Nakuomba upunguze kasi ya kijiti, uwashe huo mwinamo, kisha uingie Ziggurat Vertigo, ile ramani ya siri ya kipindi cha kwanza ambamo uzito wa mwili umepunguzwa na una nafasi ya kutosha ya kujifunza ukiwa hewani. Icheze kwa juma moja, halafu urudi hapa utuambie ni wapi hasa mwendo ulipokukatikia.