Mrejesho: mamangu na maumivu ya nyonga

Asalaam aleikum. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu mamangu anayeumwa na nyonga na mapaja, dawa za maumivu zikawa hazimsaidii. Ahsanteni sana mliosema apimwe vitamini D. Majibu ya damu: nanogramu 9 kwa mililita. Daktari kasema chini ya 12 ni upungufu hasa.

Mlishangaa, Mombasa na jua lote hili? Ngozi ndiyo hutengeneza vitamini D kwa jua, lakini lazima miale iiguse ngozi yenyewe. Mamangu yuko Kibokoni, vichochoro vyembamba, akitoka yumo ndani ya buibui, na jua la kupita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Vitamini D ikipungua, utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha. Mifupa ya mtu mzima hulainika; mtoto hupata matege.

Ameanzishiwa vidonge, na sasa huketi uani mikono wazi. Maumivu yamepungua, alhamdulillahi. Lakini tafadhali msijinunulie dozi kubwa: ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu na figo huumia. Na dada zangu mnaonyonyesha, maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, kwa hiyo ulizeni kliniki kuhusu matone ya mtoto.